Cheti Kisicho na Shaka

Mama aliisukuma fomu ikarudi upande wa daktari, akaiweka kalamu juu yake taratibu, kama mgeni anayerudisha sahani ya chakula asichokitaka.

"Sijakataa," alisema. "Nimesema bado."

Daktari wa upasuaji, mwanamume mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo, alikuwa amemaliza dakika ishirini akieleza. Kulikuwa na uvimbe kwenye utumbo mpana. Ukikatwa sasa, mama ana miaka yake mbele. Ukiachwa utaziba njia, na ukishaziba, hata yeye daktari atabaki kuwapa watu pole tu. Alhamisi asubuhi ilikuwepo nafasi moja. Nyingine ingepatikana baada ya wiki saba, na uvimbe haujui kupanga foleni.

"Bado nini sasa, mama yangu?" daktari aliuliza.

Mama akamwelekezea kidole kitinda mimba wake, aliyekuwa amekaa pembeni na bahasha ya picha za eksirei mapajani. "Kuna swali nataka huyu anijibu. Akinijibu, nitaweka saini hata kwa mguu."

"Swali gani?"

"Mungu yupo au hayupo?"

Dada mtu, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti cha mama, alishika mdomo. Daktari alikohoa, akapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangika. "Mimi ni wa utumbo tu, mama," alisema. "Hilo lipo idara nyingine." Fomu akampa mwana, akasema iwe imerudi kabla ya Jumatano jioni, saa ya kufunga ofisi.

Mwana huyo watu walimwita Gramu. Jina alipewa na wauza nafaka wa sokoni, na hawakumpa kwa mapenzi. Alikuwa mkaguzi katika ofisi ya vipimo mwaka wa ishirini na mbili, kazi yake ni kupita madukani na sanduku la mawe ya mizani, kupima mizani za watu, na iliyo mbovu kuifunga kwa waya na lakiri. Aliwahi kuifunga hata ya mjomba wake, ndugu wa mama tumbo moja, kwa sababu kila kilo ya sukari pale dukani ilikuwa inakwenda nyumbani kwa mteja imepungua gramu thelathini. Mjomba alinuna miaka miwili. Mama ndiye aliyewapatanisha, na alipoulizwa yuko upande wa nani alijibu kwamba mjomba ni mjomba na gramu ni gramu.

Mama alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, na kazi ya mwanawe aliijua kwa kuisikia mezani. Alijua kwamba jiwe la mizani halishikwi kwa mkono, hushikwa kwa kibano, maana hata jasho la kidole lina uzito. Alijua kwamba kila jiwe hupimwa kwa jiwe bora kuliko lenyewe. Na alijua kwamba kwenye kila cheti anachoandika Gramu pana mstari chini ya matokeo, umeandikwa "Kiasi cha shaka," na kwamba mstari huo hauachwi wazi hata siku moja. "Hakuna kipimo kisicho na shaka, mama," Gramu alipenda kusema huku anatafuna. "Ukiona cheti kinasema shaka hakuna, ujue kimeandikwa na mwizi au mvivu."

Alisema mengi mezani, Gramu. Imani ilikuwa imemtoka alipokaribia miaka thelathini, bila kelele, kama jasho linavyokauka mtu akikaa kivulini. Hakumtangazia yeyote, lakini mdomo ni mdomo. Siku moja mama alikuwa anamshukuru Mungu kwa mvua, naye akadakia: "Mama, ukitaka kujua kama jiwe lina uzito, liondoe kwenye sahani uone kama mizani itasogea. Na maombi ni hivyo hivyo." Dada alimtupia kijiko. Mama alicheka. Gramu akasahau siku ileile, na wahenga hawakukosea waliposema mtenda husahau, mtendewa hasahau.

Walipotoka kwa daktari, mama aliomba wakae kwanza kwenye benchi la nje, apumue.

"Unakumbuka homa yangu ya juzijuzi?" alimuuliza. "Siku nane nilikuwa sijitambui. Miaka arobaini sikuwahi kukosa kuomba alfajiri hata moja, mwanangu, hata siku ya kumzika baba yenu. Zile nane nilizikosa zote. Nilipozinduka nikaangalia. Bomba linatoa maji. Jirani amejifungua salama. Watoto wa dada yako wamefaulu mtihani. Hata saa ya ukutani bado inakimbia dakika tano mbele. Nililiondoa jiwe. Mizani haikusogea."

Gramu aliihamisha bahasha ya eksirei kutoka paja moja hadi jingine.

"Mama, yale yalikuwa maneno ya utani."

"Yalikuwa maneno ya kazi yako. Sasa sikiliza. Mnataka nidungwe sindano ya usingizi, nipasuliwe. Kila nikilala huwa nakabidhi roho yangu kwa mtu. Alhamisi nitamkabidhi nani? Nijibu, baba. Ila usinijibu kama mwanangu. Nijibu kama mtu wa ofisi ya vipimo."

Ndipo Gramu, ambaye miaka ishirini hakuwa na habari na Mungu, akajikuta amekuwa wakili wake, bila malipo na bila kumwamini mteja. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Lile jiwe alilolitupa kwa mzaha lilikuwa limempiga mama yake, na wa kulitoa ni yeye mwenyewe.

Alianza jioni ileile ya Jumatatu. Mama alikuwa anapindisha ukingo wa pazia.

"Mama, hilo pazia lina fundi. Halikujishona. Na dunia nayo lazima iwe na fundi."

"Na fundi ana mama yake," alijibu bila kuinua macho. "Mama yake Mungu ni nani?"

"Yeye hana. Yeye hakuanza."

"Kumbe vipo visivyo na mwanzo wala fundi. Basi dunia nayo ingeweza kuwa hivyo hivyo, tukapunguza safari." Akakata uzi kwa meno.

Kilichomshangaza Gramu ni kwamba alikasirika. Hoja ile yeye mwenyewe alikuwa ameicheka mara ngapi, na sasa kuiona inachanika mikononi mwa mama kulimuuma kana kwamba ilikuwa yake.

Jumanne asubuhi akaomba ruhusa kazini, akarudi na karatasi mbili alizojaza maandishi. Alimweleza mama kuhusu namba zinazoushika ulimwengu. Nguvu inayovuta vitu chini ingezidi kidogo tu, au ingepungua kidogo tu, nyota zisingewaka zikadumu, na pasingekuwa na jua, maji wala mtu wa kushona pazia. Kila kitu kimekaa sawasawa, kama nguo iliyopimwa mwilini. Alieleza vizuri mno, hata akaanza kujisikiliza mwenyewe, akajiuliza: sasa hili naliamini au nalisema?

Mama alilinyoosha pazia magotini. "Nguo ikikukaa sawasawa," alisema, "ama ulipimwa ukashonewa, ama uliipata kwenye rundo la mitumba baada ya kujaribu elfu moja. Mimi nimeshona na nimenunua mitumba. Ukishaivaa huwezi kujua. Mpaka ulione rundo. Wewe umeliona rundo?"

"Sijaliona."

"Umemwona fundi?"

"Sijamwona."

"Haya."

Gramu alizunguka sebuleni. Akasimama. Akajipiga kofi kwenye paji la uso, akageuka na uso wa furaha ya kitoto. "Mama! Kipimo chako ni kibovu! Zile siku nane, wewe hukuomba, sawa. Dada je? Dada alikuwa anakuombea usiku na mchana. Jiwe hukuliondoa! Ulitoa moja ukaacha mengine kwenye sahani!"

Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu macho ya mama yalichangamka. Akaita jikoni. "Wewe! Njoo hapa. Kuanzia leo usiniombee."

Dada alitokea na mikono yenye povu la sabuni. "Mama, umechanganyikiwa?"

"Ndiyo, nimechanganyikiwa. Ndiyo maana napima."

"Haitasaidia," Gramu alisema, na furaha ilikuwa inamtoka wakati uleule akiyasema. "Yupo shangazi. Wapo majirani. Wapo watu usiowajua wanaowaombea wagonjwa wote wa dunia kwa mkupuo. Huwezi kuwazuia."

"Basi hakipimiki."

"Hakipimiki, mama."

"Kwa hiyo hujui."

Gramu alizikunja zile karatasi zake mbili.

"Na mimi sijui," mama alisema, akalikunja pazia, akaenda kulala. Ilikuwa saa tisa mchana.

Jikoni dada alimsubiri. Alikuwa amemzidi miaka minane, alimbeba mgongoni utotoni, na alipokasirika alimwonyesha bado kwamba anaweza kumbeba tena amtupe. "Mwambie yupo. Neno moja. Yupo. Fomu itiwe saini, mama apone. Unapungukiwa nini?"

"Nitakuwa nimemdanganya."

"Kwani unajua kwamba hayupo?"

"Sijui."

"Basi utakuwa umedanganya vipi? Huenda ukasema kweli bila kujua."

Gramu alitafuta kosa katika maneno hayo usiku na asubuhi yake, hakuliona. Wala hakuona kwamba yako sawa. Kichwa chake, ambacho kilizoea kutulia kwenye namba moja kama mshale wa mizani, kilikuwa kinakwenda huku na kurudi. Alimwogopa Mungu ambaye hakumwamini. Alimchukia uvimbe. Zaidi ya yote aliogopa mama asije akafa kwa sababu ya maneno ya mezani ya mwanawe.

Jumatano ofisini alifanya jambo ambalo angemshtaki mtu mwingine yeyote kwa kulifanya. Alichukua cheti kitupu, chenye namba, akakijaza kwa mwandiko wake safi. Kilichopimwa: kuwepo kwa Mungu. Matokeo: yupo. Kiasi cha shaka: hakuna. Akatia saini, akavuta droo, akagonga muhuri. Muhuri ulikaa upande.

Mama alikuwa kitandani, ameegemea mito miwili, maumivu yameanza kumkunja uso. Alivaa miwani. Alikisoma cheti kuanzia juu, hata namba yake, hata anwani ya ofisi, kama mteja anayejua haki zake. Dada alisimama mlangoni na fomu ya hospitali mkononi na kalamu tayari.

Kidole cha mama kilifika kwenye mstari wa shaka, kikakaa hapo.

"Hakuna?" aliuliza.

"Hakuna, mama."

"Uliniambia cheti cha namna hii huandikwa na mwizi au mvivu." Aliivua miwani. "Mwanangu hajawahi kuwa mvivu."

Gramu alijaribu kusema jambo la maana. Badala yake alikaa chini pale pale, kwenye mkeka, mtu mzima mwenye mvi na beji ya kazi kifuani, akalia.

"Mwoga," alisema. "Kimeandikwa na mwoga. Naogopa utakufa, mama. Sijui kama yupo. Nikijaribu kukuonyesha yupo, naona matundu. Nikijaribu kuonyesha hayupo, naona matundu. Zamani nilikuwa najua. Sasa sijui hata nilikuwa najua nini. Utanisamehe, lakini weka saini."

Mama alimwacha alie. Kisha akamrudishia cheti. "Rekebisha."

Kwenye ofisi ya vipimo kosa halifutwi. Hukatwa kwa mstari mmoja, ili lililokatwa lisomeke, na mkaguzi huandika herufi za jina lake pembeni. Gramu alikata neno "yupo," akaandika juu yake "sijui." Akakata "hakuna." Alifikiri, akafuta pua kwa mkono wa shati, akaandika: "kubwa kuliko kipimo."

"Sasa nimekuelewa," mama alisema. "Nilitaka kujua nikilala nabaki mikononi mwa nani. Nabaki mikononi mwa mtu ambaye hajui, ila hawezi kunidanganya akafika mbali." Akanyoosha mkono kwa dada. "Lete hiyo fomu."

Aliweka saini. Dada alikuwa anaanza kumshukuru Mungu kwa sauti, mama akamkatiza.

"Wewe nyamaza. Nina sharti. Kesho mimi sitaomba. Wewe hutaomba, na shangazi yako utampigia simu umwambie nimekataza. Hao wa mbali tuwaache, hatuwawezi. Nikiwa mle ndani ataomba huyu peke yake."

"Mimi?" Gramu aliinua uso.

"Wewe. Jiwe moja kwenye sahani."

"Mama, na kama... kama mizani haitasogea?"

"Utaandika," mama alisema, akafumba macho.

Alhamisi saa mbili asubuhi walimsukuma mama kwenye kitanda cha magurudumu, kofia ya kijani kichwani, akaonekana mdogo kama aliyefuliwa akanywea. Alipofika mlangoni hakusema kwaheri. Alimwangalia Gramu tu, jinsi anavyomwangalia mwanafunzi wa cherehani aliyeshikishwa mkasi. Mlango ukafungwa.

Walikaa kwenye viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja, dada akisogea na yeye anatikisika. Dada alikuwa ameuma midomo yake mpaka imekuwa mistari. Gramu aliangalia taa nyekundu juu ya mlango. Hakujua aanze vipi. Maneno ya utotoni yalimjia yakiwa na mapengo. Aliona aibu, kama mtu anayebisha hodi katika nyumba aliyowahi kuitukana, na hana hakika kama ina mwenyewe. Akamwambia huyo asiyemjua: kama upo, si kwa ajili yangu. Kama hupo, sijui nazungumza na nani, lakini sitanyamaza. Alirudia hayo kwa saa nzima, na saa ya pili, maneno yakapungua mpaka likabaki moja, "mama," na hakujua tena kama anamwomba Mungu au anamwita mama.

Saa tano na robo daktari alitoka, barakoa kidevuni. "Tumeutoa wote," alisema.

Dada alipiga kelele, akamkumbatia daktari ambaye hakujiandaa. Gramu alibaki amekaa. Alitaka kufurahi tu, kama mtu yeyote. Kwa nini basi kichwani kulikuwa na sauti inayomuuliza: mizani imesogea, au daktari ana mikono mizuri?

Kesho yake mama aliweza kuzungumza. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini macho yalikuwa yale yale.

"Uliomba?"

"Niliomba, mama."

"Ulimwomba nani?"

"Sijui."

Akamgeukia dada. "Na wewe ulinyamaza?"

Dada akaangua kilio. "Nilishindwa, mama! Nilifunga mdomo, moyo ukawa unaomba wenyewe. Na shangazi sikumpigia simu. Nisamehe!"

"Mmeniharibia kipimo," mama alisema kwa uchungu wa kweli, na Gramu akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, kicheko kilichokuwa karibu sana na kile kilio cha mkekani. Mama hakucheka. Alikuwa anaangalia dari.

"Na mimi," alisema baadaye. "Yule wa sindano aliniambia nihesabu mpaka kumi. Nilipofika tatu nikaanza kuomba. Mazoea, au hofu, sijui. Usingizi ukanikata katikati ya sentensi." Alimtafuta mwanawe kwa mkono, akampata. "Ombi ambalo halikuisha, linahesabiwa?"

Gramu aliushika mkono ule, wenye alama ya kastabani, kofia ya kuzuia sindano, kwenye kidole cha kati. Akamwambia hajui. Mama akasinzia bila kuuachia mkono.

Siku kumi na moja baada ya upasuaji, Jumatatu, mkuu wa ofisi ya vipimo, mwanamke asiyependa maneno mengi, alimwita. Cheti kimoja hakikuonekana kwenye hesabu ya vyeti. Gramu akakitoa mfukoni, kimekunjwa mara nne, akakiweka mezani, akasubiri kufukuzwa kazi. Mkuu alikisoma. Alikisoma tena. Kisha akavuta daftari la vyeti vilivyoharibika, akamsogezea pamoja na kalamu.

Safu ya kwanza ilitaka namba. Akaiandika. Ya pili ilitaka sababu ya kuharibika. Akaandika: mpimaji aliogopa. Ya tatu iliuliza kama kipimo kitarudiwa. Hapo kalamu ilisimama.

"Mama anaendeleaje?" mkuu aliuliza, macho yake yakiwa dirishani.

"Amerudi nyumbani jana. Leo alfajiri nilimsikia ameamka."

"Kuomba?"

"Mlango ulikuwa umefungwa," Gramu alisema. "Nilisimama nje, nikashindwa kubisha hodi. Nikasubiri naye mpaka kulipokucha."

Mkuu alilivuta daftari, akalifunga na safu ya tatu ikiwa wazi.